Chumba cha giza cha jamii hakihitaji minilabu

Kuna watu hapa Kampala wanaamini chumba cha giza cha jamii, yaani pale watu wanaposafisha filamu za kamera kwa pamoja, kikitaka kuzisafisha vizuri lazima kinunue minilabu, ile mashine kubwa ya studio za zamani. Hapana jamani. Minilabu inaishi kwa kazi nyingi, kila filamu ikipita mashine inaongeza dawa mpya kidogo, sasa nyie mkiwa na filamu chache kwa wiki dawa inakaa tu kwenye tanki, hewa inaila, inachoka, rangi zinaharibika na mnaishia kumwaga dawa ya bei. Na umeme ukikatika filamu ikiwa ndani ndo basi tena.

Kwa kikundi kidogo mi naona bora mashine ya kuzungusha tanki kama za kampuni ya Jobo. Tanki yao ya 1520 inasafisha filamu mbili za 35mm kwa mililita 240 za dawa tu! Kinachotakiwa hasa ni joto lisiyumbe: filamu ya rangi, ile inayosafishwa kwa dawa za C-41, inataka digrii 38 kwa dakika 3 na sekunde 15 kwenye dawa ya kutoa picha. Nyeusi na nyeupe wala haihitaji mashine, tanki ya mkono na digrii 20 inatosha, maji yakizidi hapo wekeni barafu pembeni.