Kupoza si kupooza

"Mzee wamempooza." Shemeji yangu aliandika hivyo tu, akiwa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, akatuma kwa jamaa mjini Arua, Uganda. Saa haikuisha kina mama walikuwa wameshatandika mikeka uani, na mtu mmoja ameshaulizia bei ya kukodi turubai. Alichotaka kusema ni "wamempoza". Hii ni mara ya tatu mwaka huu nakutana na kosa hilohilo, na sasa limenichosha.

Jambo lenyewe si refu. Mzee alikuwa akipasuliwa tao la aota. Aota ni ateri kuu, yaani mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni. Inapanda kidogo, kisha inajipinda kama mpini wa mwavuli, na kwenye tao hilo yanachipua matawi matatu yanayopeleka damu kichwani na mikononi. Tao likivimba au kuchanika, daktari hukata palipoharibika na kushonea mrija wa kitambaa. Bomba halishonwi maji yakipita, kwa hiyo damu lazima isimame, na ubongo wenye joto la kawaida huanza kuharibika ndani ya dakika nne au tano. Ndiyo maana mashine ya moyo na mapafu huipoza damu, na mwili mzima ukashuka kutoka nyuzi 37 hadi kati ya 20 na 28, wakati mwingine chini ya hapo. Kila ukishuka nyuzi sita au saba, ubongo unahitaji karibu nusu tu ya oksijeni uliyokuwa ukihitaji. Mmarekani Randall Griepp na wenzake walieleza njia hii kwa upasuaji wa tao mwaka 1975. Siku hizi wengi huongeza mrija, mara nyingi kupitia ateri ya kwapa la kulia, ili damu baridi iendelee kufika kichwani huku mwili wa chini ukisubiri.

Yaani anapozwa ili asipooze.

Poza imetokana na poa, na poa ni neno la kale la Kibantu. Waganda wanalo lilelile: chakula kikipoa husema "emmere ewoze". Wazee wetu waliona kupoa kwa chai na kupoa kwa homa ni jambo moja, ndiyo maana kumpoza mgonjwa kuliwahi kumaanisha pia kumtibu. Pooza ni la kunyauka. Tunda lililosinyaa kabla ya kukomaa ni pooza, na mkono usiosikia wala kuinuka umepooza. Tena mtu hupooza mwenyewe. Ukitaka kumlaumu daktari itabidi useme "wamempoozesha", kwa hiyo sentensi ya shemeji haikuwa na kosa la herufi tu, hata sarufi iliikataa. Wa kunishangaza zaidi ni jirani zangu wa Kampala wanaosema "o" ni "o" tu. Mganda hachanganyi hata siku moja okusika, kuvuta, na okusiika, kukaanga. Masikio anayo, ila akifika kwenye Kiswahili anayaacha nyumbani.

Wengine hukwepa kwa kusema "wamemgandisha". Afadhali hata wangesema "wamempooza". Kwenye nyuzi 20 hakuna kinachoganda kuwa barafu, na damu nayo imetiwa dawa ya heparini kusudi isigande kabisa. Neno moja, makosa mawili.

Jingine la kutenganisha, ambalo hata wanaotamka vizuri hulisahau, ni kwamba kiharusi cha chumba cha upasuaji kina milango miwili. Mmoja ni damu kutofika ubongoni. Wa pili ni chembe za mafuta na chokaa kubanduka kwenye ukuta wa aota, au mapovu ya hewa, vikapanda na kuziba mishipa ya kichwani. Baridi inalinda mlango wa kwanza. Chembe haijali baridi. Kwa hiyo aota hupigwa picha ya mawimbi ya sauti ili daktari ajue pa kushika na pa kuacha, kichwa hulazwa chini kuliko kifua, na jeraha hupulizwa kabonidayoksaidi, ambayo ikiingia kwenye damu huyeyuka upesi kuliko hewa. Mtu akisema "walimpoza, kwa nini amepata kiharusi?", aulize kwanza ni mlango upi.

Shemeji sikumgombeza, alikuwa hajalala siku mbili. Nilimwambia tu afute "o" moja atume upya, nami nikapiga simu Arua. Shangazi hakuniamini mara moja. Jioni akanipigia mwenyewe:

"Mwanangu, amepoa?"

"Hapana, shangazi. Alishapoa asubuhi. Sasa wanampasha joto, polepole, maana ubongo ukipashwa kwa haraka unaumia."

Akanyamaza kidogo, kisha nikamsikia akimwambia mtu arudishe turubai.