Safari ya vyakula: pale chungu kinapopanga ratiba

Mtu anayetoka Dar es Salaam kwenda Moshi kwa basi atakula njiani, hilo halina shaka. Basi litasimama, abiria watashuka kuchimba dawa, watanunua chipsi na kuku, korosho na mayai ya kuchemsha, kisha honi italia na kila mmoja atarudi kitini na mfuko wake. Lakini mtu huyo amekula kwa sababu anasafiri. Safari ya vyakula ni kinyume chake: unasafiri kwa sababu unataka kula. Chakula na kinywaji cha mahali ndivyo vinavyoamua upite barabara ipi, uondoke saa ngapi, ulale mji gani, na uende mwezi gani wa mwaka.

Jina pana la jambo hili ni utalii wa vyakula. Ndani yake kuna kitu kinachoitwa njia ya vyakula au njia ya mvinyo, yaani barabara iliyotengwa rasmi, yenye vibao na ramani, inayompitisha msafiri kwa wazalishaji. Ujerumani walizindua yao, Deutsche Weinstraße, mwaka 1935. Afrika Kusini, wenye mashamba ya zabibu wa Stellenbosch walianzisha ya kwao mwaka 1971. Kwetu vibao vya namna hiyo bado. Tulicho nacho ni ndoo za machungwa kandokando ya lami, moshi wa mishkaki, na akina mama wenye masufuria yanayojulikana na madereva wote wa eneo hilo. Kwa hiyo hapa msafiri anajipangia njia mwenyewe, na ndiyo maana inafaa kuielewa dhana hii vizuri kabla ya kuwasha gari.

Nichukue barabara hiyohiyo ya Dar hadi Moshi, kilomita zipatazo 560, kwa kuwa ndiyo ninayoifahamu.

Kosa la kwanza ni kuipanga kwa kilomita. Mara ya kwanza mimi na shemeji yangu tuliondoka alfajiri, tukakimbiza, tukafika Moshi saa mbili usiku tukiwa na hamu ya jambo moja tu, mtori. Mama wa mgahawa alitutazama kwa huruma. “Mtori umeisha tangu saa nne asubuhi, kaka zangu. Kesho njooni mapema.” Hakuwa na kosa lolote. Mtori ni chakula cha asubuhi. Ndizi mbichi na nyama yenye mifupa huchemshwa mpaka zilainike, mifupa ikatolewa, kisha zikapondwa hadi ziwe supu nzito inayoganda kwenye kijiko. Ni chakula anachopewa mama aliyejifungua ili arudishe nguvu, na hata leo watu wanakwenda kukitafuta alfajiri kabla ya kazi. Sisi tulikuwa tumepanga safari kwa saa za barabara wakati chungu kina saa zake.

Tangu siku hiyo ninapanga kuanzia mwisho. Nikitaka mtori wa saa moja asubuhi Moshi, lazima usiku wake nilale Moshi au Himo. Nikilala huko, basi mchana wa siku iliyotangulia nitakuwa upande wa Same, penye makande. Nikitaka makande ya mchana Same, asubuhi niwe nimetoka Mombo au Lushoto. Hivyo hivyo, kurudi nyuma mpaka Dar. Safari ya siku moja inageuka ya siku tatu, na hakuna siku inayokuwa ndefu.

Jambo la pili ni msimu. Ukitoka Chalinze, ukavuka Mto Wami, ukapita Mkata na Kabuku, karibu na Segera utafika kijiji kinachoitwa Michungwani. Jina lenyewe linatosha kuwa kibao. Wakati wa kipupwe, Juni kwenda Agosti, machungwa ya huku na ya Muheza yanakuwa yamejaa barabarani, kwenye ndoo, kwenye nyavu, kwenye matoroli. Rangi ya kijani isikutishe. Chungwa linahitaji usiku wa baridi ili ganda ligeuke rangi ya manjano, na baridi hiyo haiko Handeni wala Muheza, kwa hiyo linaiva ndani huku nje likibaki kijani. Mwambie kijana akumenyee moja kabla hujanunua ndoo. Ataanzia juu, kisu kikizunguka bila kukatika, ganda likining'inia kama utepe, akiacha ule ukuta mweupe ili chungwa lisipasuke mkononi. Kisha anakata kikofia kidogo, anakupa, unaminya na kufyonza. Kama utamu umekaa vizuri kwenye hilo moja, chukua ndoo.

Pale Segera njia inagawanyika, na hapa ndipo mpangaji anapotakiwa kuchagua. Kulia ni Muheza na Tanga. Kushoto ni Korogwe, Mombo na milima. Wengi hutaka vyote viwili kwa siku tatu na huishia kuona lami tu. Kwa maoni yangu, Juni nenda Tanga: machungwa yako njiani, na mjini kuna samaki wa kupaka, kuna mkate wa kumimina, kuna bada, ugali wa unga wa muhogo ambao mtu aliyezoea sembe huushangaa kwa jinsi unavyovutika. Kama ni mwezi wa Ramadhani, jua kwamba mama ntilie wengi wa upande huu hawapiki mchana. Usilalamike. Subiri magharibi, uone mihogo ya nazi, magimbi, tambi na kaimati vikitoka kila kona kwa wakati mmoja. Ratiba yako ihamie usiku, basi.

Lakini mwanzoni mwa mwaka, Januari na Februari, mimi napanda Lushoto. Unaiacha barabara kuu pale Mombo, unapinda na mlima kupitia Soni, na hewa inabadilika ungali ndani ya gari. Wakati huo mapeasi na plamu zimeiva, watoto wanaziuza kwa beseni kwenye kona. Huko juu walikaa walowezi wa Kijerumani, mji wenyewe wakauita Wilhelmstal, na alama yao imebaki hata jikoni: shamba la Irente linatengeneza jibini, jemu na mkate mzito wa rai, nafaka inayofanana na ngano. Mtu anaweza kusema hicho si chakula cha Wasambaa. Ni kweli, lakini kinatoka kwenye maziwa na matunda ya Usambaa na kwenye mikono ya watu wa Usambaa, na kwangu hiyo inatosha kukiita cha mahali. Dhana ya chakula cha mahali haimaanishi chakula kilichokuwepo tangu zamani za kale. Muhogo wenyewe, ambao bada inapikwa nao, ulikuja kutoka Amerika ya Kusini. Cha kuuliza ni kama kimelimwa hapa, kimepikwa hapa, na watu wa hapa wangekikosa kama kingeondoka.

Masika, Machi hadi Mei, usiupande mlima ule bila kuuliza hali ya barabara kwanza.

Kutoka Mombo kuelekea Same nchi inakuwa kame, mkonge kushoto na kulia, Milima ya Upare imekusindikiza upande mmoja. Msafiri wa haraka anasema hakuna kitu hapa. Ila makande ya Wapare yako hapa, mahindi na maharage yaliyochemshwa kwa muda mrefu, na yakipikwa na mtu anayeyaheshimu huwa na utamu ambao huwezi kuutafuta kwa viungo. Huko juu Mamba Miamba wanalima tangawizi nyingi, na ukiinunua mbichi, ikiwa na udongo bado, harufu yake itakaa garini mpaka urudi nyumbani. Mbele kidogo, Mwanga, kuna perege wa Bwawa la Nyumba ya Mungu. Hapa usipite kasi kwa sababu nyingine pia: kwenye makazi mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na matuta ni mengi.

Kisha ndizi zinaanza. Na mahali penye ndizi nyingi ndipo pana mbege, kinywaji ambacho kwa upande wangu ndicho kinachoifafanua dhana hii yote kuliko chakula chochote kingine cha barabara hii.

Mbege haipatikani kwa kutaka tu. Ndizi zinavundikwa mpaka ziive sana, zinachemshwa kwa saa nyingi hadi rangi igeuke nyekundu ya udongo, kisha zinaachwa kwenye chombo siku kadhaa zichachuke. Pembeni, ulezi unalowekwa, unaachwa uote, unakaushwa na kusagwa, kisha unapikwa uji unaoitwa mso. Maji ya ndizi yanachujwa, yanachanganywa na mso, na kuachwa tena. Uchungu wake unatokana na magome ya mti uitwao msesewe. Ukihesabu siku zote hizo, inakaribia wiki nzima kwa kinywaji ambacho kikiwa kipya ni kitamu na laini, na kesho yake kimeshakuwa kikali, na keshokutwa ni chachu. Yaani kuna siku moja, pengine moja na nusu, ambapo mbege iko pale inapotakiwa kuwa.

Sasa utaona kwa nini simu moja ina thamani kuliko ramani. Mpigie mwenyeji wako Marangu au Kibosho wiki moja kabla, umuulize ni nani anapika wiki hiyo na siku gani itakuwa tayari. Kama huna mwenyeji, uliza siku za soko, kwa sababu wapikaji wengi huilenga mbege yao siku hiyo, watu wanapokusanyika. Desemba utaipata kila mahali, Wachaga wanapokuwa wamerudi nyumbani “kuhesabiwa”, kama utani unavyosema, mbuzi wanachinjwa, kisusio, supu ya nyama na damu, kinapikwa, ndafu, yaani mbuzi wazima wa kuoka, zinakaa mezani na masikio yao. Ni wakati mzuri mno kwa mwenye ndugu huko. Kwa mgeni asiye na mwenyeji, barabara imejaa, nyumba za wageni zimejaa, na sherehe nyingi ni za familia. Namshauri aende mwezi mwingine.

Mara ya mwisho tulipokwenda, mama aliyetuuzia alichota kwenye kata, akanywa yeye kwanza funda moja tukimtazama, ndipo akampa shemeji yangu kwa kuwa ndiye mkubwa. Punje za ulezi zilikuwa zinaelea juu. Ilikuwa na utamu wa ndizi mbele, uchungu wa msesewe nyuma, na uzito wa uji katikati, kiasi kwamba baada ya kata ya pili hukumbuki kama una njaa. Dereva wetu alipewa chai. Hilo tulikubaliana Dar kabla ya kuondoka, na ni lazima likubaliwe Dar, kwa maana chini ya mgomba hakuna anayetaka kuwa dereva.

Asubuhi ni kahawa. Nayo ina jambo la kufikirisha. Kwenye mabaraza ya Dar, muuza kahawa anapita na dele lake, anagonga vikombe, wazee wanakunywa kahawa chungu kwa kashata. Kilimanjaro wamelima kahawa kwa miaka mingi, chama chao cha ushirika, KNCU, kiliundwa mwaka 1933, lakini katika nyumba nyingi za wakulima kinywaji cha asubuhi ni chai. Kwa hiyo ukifika kijiji kama Materuni, ukakaangiwa kahawa kwenye chungu na kuitwanga kwenye kinu, unaunganisha ncha mbili za barabara moja: wanaoilima na wanaoinywa.

Vya kurudi navyo vipange pia. Kahawa na tangawizi hazina shida. Jibini inataka deli lenye barafu tangu Lushoto. Mikungu ya ndizi inunueni mbichi kabisa, maana joto la Mkata litaziivisha. Mbege msiibebe. Chachu yake bado inafanya kazi, na chupa iliyokazwa kifuniko itafumuka kabla hamjafika Same.