Toleo la chuo la Wallace na Gromit halijapotea, ushaliona

Kila nikikaa na watu wanaopenda katuni za udongo lazima atokee mmoja aseme kwamba A Grand Day Out, ile filamu fupi ya kwanza kabisa ya Wallace na Gromit (jamaa mmoja na mbwa wake wanaojenga roketi waende mwezini), ina toleo lingine ambalo mtengenezaji wake Nick Park alilitengeneza akiwa mwanafunzi, eti likapotea, na hii tunayoiangalia sisi ni ya kurudiwa studio. Nimeisikia hii mara nyingi mno, na inaniuma kwa sababu mtu anahangaika kutafuta kitu ambacho amekiona kwa macho yake labda mara kumi.

"Kulikuwa na filamu mbili, ya chuo na ya studio"

Hapana, filamu ni moja. Park ni mtu wa Preston, Uingereza, amezaliwa 1958, akasoma Sheffield alafu 1980 akaingia National Film and Television School pale Beaconsfield, na 1982 ndo akaanza kupiga A Grand Day Out kama projekti yake ya chuo. Muda ukaisha, filamu haijaisha. Wakati huo Peter Lord na David Sproxton wa Aardman, studio ya katuni ya Bristol, walishafika chuoni kufundisha wakaona anachofanya, wakamchukua, na 1985 akahamia Bristol na filamu yake mkononi vilevile ilivyokuwa, nusu nusu. Kule akawa anafanya kazi za studio, akipata nafasi anarudi kwenye yake (wale kuku wawili wanaocheza kwenye video ya wimbo wa Sledgehammer wa mwanamuziki Peter Gabriel ya 1986 ni kazi ya mikono yake hiyohiyo), mpaka ikafika 1989 ndo ikaisha na ikaonyeshwa Bristol mwezi wa kumi na moja. Yaani ni uzi mmoja tu, ulianzia chuo ukaishia studio, na jina la chuo lipo kwenye filamu mpaka leo.

Nadhani watu wanachanganya kwa sababu wanaifikiria kama wimbo, kwamba unarekodi demo nyumbani alafu unaenda studio kurudia. Stopu-mosheni, yaani hii ya kusogeza mdoli na kumpiga picha moja moja, haiendi hivo. Hesabu mwenyewe, filamu ina dakika 23, kila sekunde fremu (picha) 24, hiyo ni fremu 33,120, na hata kama kila pozi unalipiga fremu mbili bado ni zaidi ya mara 16,000 za kumshika mdoli, kumsogeza kidogo sana, kutoa mkono, kupiga, kurudi tena. Na enzi zile ni mkanda wa filamu, huna skrini ya kukuonyesha ulichopiga, unapeleka maabara unasubiri isafishwe ndo ujue kama mkono wako ulibaki kwenye picha au taa ilitikisika. Mimi nilijaribu na mpwa wangu kwa simu na plastisini ya dukani, Jumamosi nzima tukapata sekunde nne, na mdoli wetu alikuwa anainua mkono tu, hatembei. Sasa mtu apige miaka mitatu alafu atupe aanze upya? Haiwezekani, kila fremu iliyokubalika inabaki.

Ndo maana nasema toleo la chuo unaliona, limo humo ndani. Park mwenyewe amesema alipofika Aardman alikuwa ndo kwanza ameanza sehemu ya mwezini, kwa hiyo zile za kule chini kwenye basementi, Wallace anachora roketi, anakata mbao, sehemu kubwa ni kazi ya mwanafunzi. Simamisha picha pale uangalie udongo kwa karibu. Utaona alama za vidole, utaona uso wa Wallace ni mwembamba, haujapata bado yale mashavu na lile domo pana tulilolizoea. Lile domo lilikuja taratibu kutokana na Peter Sallis, mwigizaji wa sauti ya Wallace, ambaye alikubali kurekodi kwa ajili ya mwanafunzi asiyejulikana kwa pauni 50 ziende kwenye hisani, maana alikuwa akisema "cheese" (jibini) analivuta sana, mdomo unafunguka kwa pembeni, na Park akawa anaufuata. Ukiangalia filamu kwa jicho hilo unamuona kijana anajifunza kazi mbele yako, mimi hiyo ndo sehemu naipenda kuliko hata roketi.

"Kuna dakika zilizokatwa, zimefichwa mahali"

Hapa kuna chembe ya ukweli ndo maana imeenea. Mpango wa mwanzo ulikuwa filamu ya kama dakika 40, huko mwezini kuwe na viumbe kibao, kuwe na mgahawa wa McDonald's, Wallace afungwe jela na Gromit aende kumtoa, mambo ya kuiga Star Wars. Mtu akamwambia ukipiga hiyo sehemu itakuchukua miaka mingine tisa, akaitoa yote. Kilichobaki katika wale viumbe wote ni lile jiko lenye magurudumu linaloamka ukilitumbukizia hela, lile linalotamani kwenda kuteleza kwenye theluji. Kwa hiyo kilichoondoka ni hadithi iliyokuwa kwenye karatasi, sio mikanda iliyokaa kwenye boksi mahali inasubiri mtu aifufue.

"Iliungua kwenye ule moto"

Moto ulikuwepo kweli, tarehe 10 Oktoba 2005, ghala la kutunzia vitu vya Aardman Bristol liliungua, na ilikuwa siku hizohizo filamu yao ndefu ya Wallace na Gromit inaongoza sinema za Marekani. Zilipotea seti, midoli, vitu vya miaka na miaka vilivyotengenezwa kwa mkono, na hilo ni pigo, sitaki kulifanya dogo. Ila filamu zenyewe zilikuwa salama. Siku mbili kabla yake tetemeko lilikuwa limeua makumi ya maelfu ya watu Kashmir upande wa Pakistan, na Park alipoulizwa akasema ukilinganisha na misiba kama hiyo, hili lao sio jambo kubwa. Kitu kilichopotea kweli kweli ni kama The Humpty Dumpty Circus, ambayo wengi wanasema ni ya 1898, inayotajwa kama stopu-mosheni ya kwanza duniani, hiyo hakuna nakala hata moja inayojulikana. Hii ya Park ilionyeshwa kwenye TV ya Channel 4 mkesha wa Krismasi 1990 na mpaka sa hivi unaipata.

Kuna pia wanaosema ilishinda Oscar. Iliteuliwa tu, ikashindwa na Creature Comforts, ambayo nayo ni ya Park huyohuyo.

"Kwenye toleo la chuo Gromit alikuwa paka, na alikuwa anaongea"

Paka alikuwepo kwenye michoro. Ilipofika kwenye udongo akaona mbwa ni rahisi zaidi, mwili mkubwa, miguu minene inayoshika, akabadilisha kabla ya kupiga chochote. Kuongea nako ulikuwa ni mpango wa kweli, Gromit alikuwa awe na sauti yake. Kilichobadilisha ni shoti moja ya mwanzo kabisa, ile Wallace anakata mlango kwa msumeno na meza aliyoitumia ni mgongo wa Gromit. Mbwa kabanwa chini ya mlango, mwili huwezi kuufikia vizuri kuusogeza, kilichobaki nje ni kichwa. Park akasogeza nyusi na masikio tu, nyusi ikishuka kidogo jamaa amechoka, ikipanda ana wasiwasi, macho yanageuka kumtafuta Wallace. Akaona kila kitu kimeeleweka bila neno, sauti ikafutwa, na mdomo hakuwekewa kabisa. Hiyo shoti ni ya chuo, na iko palepale kwenye dakika za mwanzo, subiri tu ule mlio wa msumeno.