Kipandauso kwa vijana: pumzi ina nafasi gani kwenye matibabu?

Saa tano asubuhi, mwanafunzi wa kidato cha pili kalaza kichwa juu ya dawati. Mwanga wa dirishani unamchoma macho, harufu ya mafuta kutoka jikoni inamtia kichefuchefu. Mwalimu anadhani anakwepa hesabu. Nyumbani atapewa panadoli, na kesho nyingine. Huyu hadeki. Kipandauso ni ugonjwa wa ubongo, mara nyingi hutembea katika ukoo, na msichana akishavunja ungo huandamwa zaidi kuliko mvulana.

Wazazi wakifika kliniki huomba dawa ya kuzuia. Nawaelewa kabisa. Lakini mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliopima amitriptilini na topirameti kwa wenye miaka 8 hadi 17, na dawa hizo hazikushinda vidonge visivyo na dawa. Kati ya waliomeza vidonge hivyo, asilimia 61 walipungukiwa siku za maumivu kwa nusu au zaidi. Maumivu yao yalikuwa ya kweli, na nafuu yao vilevile.

Ndiyo maana tunawafundisha vijana umakinifu, yaani kuiweka akili kwenye kinachotokea sasa bila kukilaumu. Ushahidi kwa vijana wenye kipandauso bado ni mchache. Kwa watu wazima, utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kuwa mafunzo haya hayakupunguza siku za kipandauso kuliko elimu ya kawaida kuhusu ugonjwa, ila waliofunzwa walimudu shughuli zao vizuri zaidi na huzuni ikapungua. Kwa vijana, tiba ya mazungumzo inayorekebisha fikra na tabia ina ushahidi imara zaidi: mwaka 2013, kati ya vijana 135 waliokuwa wakitumia amitriptilini, asilimia 66 ya walioongezewa tiba hiyo walipungukiwa siku za maumivu kwa nusu au zaidi, dhidi ya 36 ya walioongezewa elimu tu.

Zoezi hufundishwa siku ambayo kichwa hakiumi. Akae, nyayo ziguse sakafu, mabega yashuke. Avute hewa kwa pua, asikie tumbo linavyoinuka, aitoe taratibu. Akili itakimbilia mtihani. Airudishe kwenye pumzi bila kujigombeza. Dakika 5 hadi 10, kila siku. Kipandauso kikianza, ile hofu ya "leo nimekwisha" hukaza shingo na taya, na aliyezoea huigundua mapema akailegeza.

Dawa ya maumivu bado ina kazi yake: apewe mapema, kwa kipimo cha uzito wake. Zikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi ikipita, zenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa.

Homa ikiambatana na kichwa, mpeleke apimwe malaria. Shingo ikikakamaa, upande mmoja ukilegea, au maumivu yakimpiga ghafla kuliko yote aliyowahi kupata, ni hospitali saa hiyohiyo.

Na mwalimu, mpe chumba chenye giza na maji ya kunywa. Mwamini kwanza.