Daktari ameitwa kwenye utafiti wa saratani ya tezi dume: maswali na majibu

Watafiti wanaotaka kujua kama kupima saratani ya tezi dume mapema kunaokoa maisha, wakati mwingine hawaanzi na wagonjwa. Huanza na sisi tunaowatibu. Barua inafika kituoni: tunaomba ushiriki wako. Nimeona barua za namna hiyo zikilala chini ya daftari la wagonjwa wa nje mpaka tarehe ikapita. Nimesikia pia wagonjwa wakinong'onezana kwamba daktari wao ameanza "kufanyia watu majaribio". Mimi ni tabibu hapa Uganda, na maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa zaidi, na wenzangu wa kazi na wazee wanaokuja kutibiwa.

Tezi dume ni nini, na kupima mapema maana yake nini?

Ni tezi ya mwanamume, ukubwa wa ndimu ndogo, imekaa chini ya kibofu na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Hutoa sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za uzazi. Umri ukisonga, kwa wanaume wengi tezi hii hutanuka, na kutanuka huko peke yake si saratani, ingawa usumbufu wa mkojo unafanana.

Kupima mapema ni kumpima mtu asiye na dalili yoyote. Hapo ndipo tunapochanganyikiwa. Mzee akija analalamika kwamba mkojo unakatikakatika, kumpima huyo ni kutafuta kinachomsumbua, na hilo halina ubishi. Ubishi uko kwa jirani yake wa miaka 55 ambaye bado analima, analala usingizi wake wote, hana neno. Huyo tumwite tumpime, au tumwache?

Vipimo vyenyewe ni viwili: damu kwa ajili ya PSA, na daktari kuipapasa tezi kwa kidole chenye glavu kupitia njia ya haja kubwa.

Kama kipimo kipo, kwa nini wanaume wote wasipimwe tu?

Kwa sababu PSA si alama ya saratani. Ni protini inayotengenezwa na tezi dume yenyewe, nzima au mgonjwa. Saratani huipandisha, lakini hata kutanuka kwa tezi uzeeni huipandisha, maambukizi ya mkojo huipandisha, na kutoa shahawa siku moja au mbili kabla ya kipimo kunaweza kuipandisha. Kwa hesabu za Uingereza, katika wanaume 4 wenye PSA iliyopanda, karibu 3 hawana saratani. Na wapo wenye PSA ya chini ambao wanayo.

Mwenye PSA iliyopanda huambiwa achukuliwe vinyama vya tezi kwa sindano, jambo linaloweza kuleta damu na maambukizi. Halafu miongoni mwa saratani zinazopatikana, nyingine hukua polepole sana hivi kwamba mwenyewe angekufa kwa uzee bila kujua kama anayo. Huyo akifanyiwa upasuaji au mionzi anaweza kubaki hawezi kuzuia mkojo, au nguvu za kiume zikaisha, kwa ugonjwa ambao haungemuua.

Ndiyo maana wataalamu wamevutana miaka mingi. Mwaka 2009 matokeo mawili makubwa yalichapishwa pamoja. Utafiti wa Ulaya, uliokuwa na wanaume zaidi ya 160,000 wa miaka 55 hadi 69, ulionyesha vifo vya saratani hii vimepungua kwa asilimia 20 kwa kundi lililoitwa kupimwa. Wa Marekani haukuona tofauti, na sababu moja ni kwamba wengi wa kundi ambalo halikupaswa kupimwa walikuwa wakipimwa na madaktari wao hata hivyo. Uingereza ikafanya wake, uitwao CAP, ambapo wanaume waliitwa kupima PSA mara moja tu. Baada ya miaka 15, waliokufa kwa saratani ya tezi dume walikuwa asilimia 0.69 kwa walioitwa na 0.78 kwa wasioitwa. Tofauti hiyo ni watu 9 katika kila 10,000. Ni uhai wa watu, siudharau, lakini si muujiza tunaotangaziwa redioni wakati wa kambi za upimaji wa bure.

Matokeo hayo yanatuhusu sisi Waganda?

Kwa sehemu tu, na hapa naomba msomaji asiharakishe. Walioshiriki tafiti hizo walikuwa wazungu kwa wingi mkubwa. Huko huko Uingereza, mwanaume mmoja kati ya 8 hupata saratani hii maishani, lakini kwa wanaume weusi ni mmoja kati ya 4. Kwetu, Chuo Kikuu cha Makerere na Hospitali ya Mulago ya Kampala waliwahi kulinganisha chembe za urithi za wanaume zaidi ya 1,000, wenye saratani na wasio nayo, na ikaonekana kwamba eneo la kromosomu ya 8 liitwalo 8q24 lina uzito mkubwa katika hatari ya wanaume wetu. Rejista ya Saratani ya Kampala, iliyoanza miaka ya 1950 na ni miongoni mwa kongwe zaidi Afrika, imeonyesha saratani hii ikipanda kwa miongo hadi kufika kundi la mbele kwa wanaume.

Wengi wa wazee wetu hufika wakiwa wamechelewa: saratani iko kwenye mifupa ya mgongo, wengine miguu imeshakufa ganzi. Kwa hiyo hoja ya Ulaya kwamba "tunagundua saratani nyingi zisizo na madhara" hatujui kama inasimama hapa kwa uzito ule ule. Nayo hoja ya "pimeni wote" haijathibitishwa hapa. Jibu letu litapatikana kwa utafiti uliofanywa hapa.

Sawa, lakini kwa nini waniite mimi daktari na wasimwite mgonjwa?

Kwa sababu uamuzi wa kupima au kutopima hufanyika chumbani kwako.

Nitaeleza kisa kimoja. Nilikuwa nikifanya kazi kwenye kliniki ndogo upande wa Bombo. Akaja mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu, tunayemwita afande mpaka leo. Akakaa, kofia juu ya goti, akasema ni mgongo. Nikamuuliza hili na lile, nikamwandikia dawa ya maumivu. Akashukuru, akainuka. Alipolishika pazia ili atoke, akageuka, akaacha Kiganda tulichokuwa tukiongea na kuingia Kiswahili cha kambini, kwa sauti ya chini, akiniita musawo, yaani daktari kwa Kiganda: "Musawo, na huu mkojo nao... usiku naamka mara nne."

Chumba chetu hakikuwa na mlango, lilikuwepo pazia. Foleni ilikuwa imekaa kwenye benchi, hatua mbili kutoka pale aliposimama. Kitanda cha kupimia kilikuwa kimeelekea upande huo huo. Glavu nilikuwa nazo, ujuzi ninao, lakini sikumpima siku ile. Nilimwambia arudi jioni watu wakipungua. Alirudi baada ya wiki tatu.

Hakuna maabara itakayomwonyesha mtafiti lile pazia. Wala karatasi ya majibu ya PSA haitamwambia kwamba mzee hutaja mgongo kwanza na mkojo mwishoni, tena akiwa amesimama. Hayo unayajua wewe. Ndiyo sababu tafiti nyingine huwachunguza madaktari wenyewe: unaagiza PSA kwa nani, unamwambia nini kabla ya kumtoa damu, sampuli inapelekwa wapi, nani analipa, na majibu yakirudi juu unampeleka wapi.

Kuna na aina ya pili, ambapo wagonjwa hufikiwa kupitia daktari. Katika ule utafiti wa CAP, zilizogawanywa kwa bahati nasibu zilikuwa kliniki, si mtu mmoja mmoja: kliniki 573, baadhi ziite wanaume wao, nyingine ziendelee kama kawaida. Utafiti mpya wa Uingereza uitwao TRANSFORM unafuata njia hiyo ya daktari pia. Mwanaume hawezi kujiandikisha mwenyewe, huitwa kupitia kumbukumbu za daktari wake. Wenye asili ya Afrika wanaanza kuitwa wakiwa na miaka 45, wengine 50.

Mimi si bingwa wa njia ya mkojo. Niko kituo cha ngazi ya nne huku mbali. Mchango wangu ni upi?

Mkubwa kuliko unavyodhani. Mabingwa wa mkojo nchini ni wachache na wengi wako Kampala. Wanamwona mzee akiwa ameshafika, wewe unamwona kabla. Barua zikijibiwa na Mulago na hospitali binafsi za mjini peke yake, utafiti utaandika kwamba "madaktari wa Uganda" huagiza PSA bila shida, na mpango wa taifa utajengwa juu ya maabara ambayo kituo chako hakina. Kutoka Arua hadi Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago ni karibu kilomita 500. Mtu wa Kampala atakumbukaje nauli hiyo kama hukuisema?

Niseme na hili, kwa watafiti: neno "daktari" lenyewe linaacha watu nje. Kituo cha ngazi ya nne kina daktari, lakini cha ngazi ya tatu kinaongozwa na tabibu, yaani klinikali ofisa, na cha pili na muuguzi. Chini yao wako wahudumu wa afya wa kijijini tunaowaita VHT. Mzee wa Koboko au Namayingo huwaona hao kwanza. Mwaliko unaotaja madaktari peke yao utapata picha ya hatua ya tatu au ya nne ya safari yake. Na wewe mwenye barua, ukiona tabibu wako hakutajwa, waandikie waliokualika uwaulize kama naye anaweza kuingia. Mara nyingi hawakuwa wamefikiria.

Nitaulizwa nini?

Mara nyingi ni dodoso, au mahojiano ambayo yakirekodiwa utaombwa ruhusa kwanza. Wakati mwingine ni kikao cha wahudumu sita, saba. Muda wake lazima uandikwe kwenye fomu ya ridhaa. Usipouona, uliza kabla ya kusaini.

Naogopa wataona sijui mwongozo wa PSA.

Woga huu ndio unaozuia wengi, ila hawausemi. Ujue kwamba miongozo yenyewe haikubaliani. Jopo la Marekani linaloshauri kuhusu uchunguzi wa kinga lilisema mwaka 2012 PSA isitumike kupima wasio na dalili, kisha mwaka 2018 likabadilika: wa miaka 55 hadi 69 waamue baada ya kuongea na daktari, wa 70 na kuendelea wasipimwe. Kama wao wamegeuka ndani ya miaka sita, wewe huna cha kuonea haya. Mtafiti anatafuta unachokifanya kweli siku ya Jumatatu wagonjwa wakiwa sitini. Ukimjibu kama kitabu umempotezea kazi.

Nitajuaje kama mwaliko ni wa kweli?

Tafuta vitu viwili kwenye karatasi. Kwanza, idhini ya kamati ya maadili ya utafiti, pamoja na jina na simu ya mwenyekiti wa kamati hiyo. Pili, namba ya usajili ya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Piga simu ya kamati, ni haki yako. Mwaliko unaokutaka utume majina na namba za simu za wagonjwa kwa WhatsApp, ukatae palepale. Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha, na kabla ya hapo tulikuwa na kiapo.

Kuna malipo?

Nauli na fidia ya muda, mara nyingi. Malipo ya kila mgonjwa unayemleta yanipa wasiwasi, kwa sababu yanakusukuma umshawishi mtu ambaye ungemwacha apumzike.

Daktari wetu yumo kwenye utafiti. Sasa tukienda kwake anatufanyia majaribio?

Hapana, mzee wangu. Akihojiwa yeye, wewe hutaguswa kabisa. Kama utafiti unakuhusu wewe pia, lazima uelezwe kwa lugha unayoielewa, Kiswahili kikiwemo, na ukubali mwenyewe. Ukikataa, au ukikubali leo ukajitoa kesho, matibabu yako yanaendelea vilevile. Unayo haki ya kuuliza: kipimo kikirudi kibaya, hatua inayofuata nani atalipia? Swali hilo liulizwe kabla damu haijatoka mkononi.

Baba yangu ana miaka 66, anaamka usiku kukojoa mara nne. Asubiri utafiti uishe?

Asisubiri hata wiki. Tafiti tulizozungumzia ni za wasio na dalili, baba yako anazo. Huenda ni tezi iliyotanuka tu, na dawa zipo. Akiona damu kwenye mkojo, au maumivu ya mgongo au nyonga yasiyoisha, aende siku hiyohiyo. Mkojo ukifunga kabisa, au miguu ikilegea ghafla, hiyo ni dharura, apelekwe hospitali hata kama ni usiku.

Akifika aombe chumba chenye mlango, na aanze na mkojo. Mgongo autaje baadaye.