Mhandisi wa programu na tahadhari ya mafuriko ya mto Msimbazi, Dar es Salaam: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ili kusaidia kutoa tahadhari ya mafuriko, lazima uwe mwanasayansi wa mazingira kwanza.
Hapana. Wataalamu wa mvua na mito wapo. Wanahitaji mtu wa kuwafikishia data ikiwa salama. Ila jifunze wanavyopima. Siku ya kupima mvua kwenye vituo vya hali ya hewa huhesabiwa kutoka saa 3 asubuhi hadi saa 3 asubuhi ya kesho yake. Ukijumlisha kuanzia saa 6 usiku, hesabu yako haitalingana na yao.

Dhana: Kipima mvua kikisoma sifuri, mvua haijanyesha.
Hili ndilo kosa la hatari kuliko yote. Sifuri inaweza kuwa jua kali, jani la mwembe lililoziba mdomo wa kipimo, buibui, au waya uliokatika. Kifaa kisipotuma chochote, hiyo si sifuri: ni pengo, na pengo lihifadhiwe kama pengo. Kiagize kifaa kitume ujumbe kila dakika 15, pamoja na volti za betri, hata kukiwa kukavu. Kisha linganisha majirani: vituo viwili vya karibu vikipata milimita 30 na chako 0, programu ikitilie shaka na mtu aende kukisafisha siku hiyohiyo.

Na usipime bondeni Jangwani peke yake. Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, kwa hiyo maji yanaweza kufika bondeni ambako hakujadondoka hata tone.

Dhana: Kihisi cha sauti kilichofungwa darajani hupima kina cha maji.
Kinapima muda wa mwangwi tu. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi joto 20, na 352 kwenye nyuzi 35. Kikiwa mita 4 juu ya maji, usiporekebisha joto, mchana mto "utapanda" kama sentimita 10 bila mvua. Weka kipimajoto kivulini kando yake, kisha soma kihisi mara tano, chukua thamani ya katikati, kwa sababu taka zinazoelea huleta mwangwi wa uongo.

Dhana: Tahadhari inahitaji programu nzuri ya simujanja.
Mwenye kitochi bondeni anahitaji SMS. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, lakini emoji moja tu huushusha hadi 70, na ukizidi hapo hukatwa vipande. Andika mtaa, saa na pa kukimbilia. Fanya jaribio Februari, kabla ya masika, na tena Septemba, kabla ya vuli.