Sanduku la barua msituni: wanachodhani watu na ukweli wake

Nikimwambia mtu wa nyumbani kwamba Jumamosi nilishinda msituni nikitafuta sanduku la barua, huniuliza, "La posta ipi?" Simlaumu. Kwetu sanduku la barua ni S.L.P.: lina namba, lina ufunguo, na liko mjini. Hili ninalolitafuta huku Connecticut, kaskazini mashariki mwa Marekani, ni kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, saizi ya lile la kubebea chakula cha mtoto wa shule, limesukumwa chini ya jiwe au ndani ya gogo lililooza. Ndani mna mhuri na daftari dogo. Aliyelificha ameandika vidokezo vya kulifikia, nawe unavifuata kwa miguu. Ukilipata, unagonga mhuri wake kwenye daftari lako na mhuri wako kwenye daftari lake, unaandika tarehe na jina lako la njiani, unafunga, unalirudisha palepale. Wenyewe wanauita mchezo huu letaboksi. Dhana zinazouzunguka ni nyingi, na baadhi yake nilikuwa nazo mimi mwenyewe.

"Jina tu hilo, barua hazijawahi kuwepo."

Zilikuwepo. Mwaka 1854, kwenye nyanda za Dartmoor kusini magharibi mwa Uingereza, mwongoza wageni wa mji mdogo wa Chagford aliyeitwa James Perrott aliacha chupa mahali panapoitwa Cranmere Pool. Palikuwa mbali, katikati ya tope na majani, na aliyefika alitumbukiza kadi yenye jina lake ili wajao wajue kuwa naye alifika. Baadaye watu wakaanza kuacha barua na kadi za posta zenye anwani kamili. Mgeni wa pili akifika anazichukua, na akirudi kwao anazitia posta. Barua yako ilingoja miguu ya mtu usiyemjua, naye ndiye aliyeituma. Mimi jambo hilo hunigusa kila nikilikumbuka. Mihuri ilikuja mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1937 Cranmere ikajengewa kisanduku cha mawe.

Tena Dartmoor kwa sehemu kubwa si msitu. Ni nyika wazi yenye upepo na vilele vya granaiti. Wamarekani wengi waliusikia mchezo huu kwa mara ya kwanza Aprili 1998, jarida la Smithsonian lilipouandika, na huku New England, yaani majimbo ya kaskazini mashariki, Connecticut ikiwemo, ukaangukia kwenye miti.

"Si ndiyo ile geokashi ya kutumia simu?"

Ni ndugu, lakini letaboksi ndiye mkubwa. Geokashi, yaani kutafuta kilichofichwa kwa kufuata namba za GPS, mfumo wa setilaiti unaoonyesha mahali, ilizaliwa Mei 2000. Tarehe 2 Marekani iliacha kuipotosha kwa makusudi GPS ya raia, na siku iliyofuata mtu mmoja akaficha ndoo huko Oregon na kutangaza namba za mahali pake. Wakati huo letaboksi ilikuwa na miaka 146. Kule simu inakuhesabia mita zilizobaki. Huku unapewa maneno, na ukiyasoma vibaya unaishia kwenye kinamasi.

"Mwishoni kuna hazina."

Mpwa wangu, mara ya kwanza nilipokwenda naye, alifungua kopo, akachungulia, akaniuliza, "Mjomba, ndiyo hiki tu?" Ndiyo hicho tu. Huchukui kitu, na huo mhuri wa kisanduku ukiutia mfukoni umewadhulumu wote wanaokuja nyuma yako. Nilimpa padi ya wino agonge mwenyewe. Karatasini akatokea bundi asiyezidi kidole gumba, kila unyoya wake umekatwa kwa ncha ya kisu. Mtoto akanyamaza. Kisha akataka kujua bundi huyo katengenezwaje.

Hapo ndipo inapoingia dhana nyingine, kwamba lazima uwe msanii. Mhuri wangu ni jahazi, nami sijui kuchora. Nilichukua raba ya kufutia ya shuleni, nikachora jahazi kwa penseli laini kwenye karatasi, nikailaza karatasi kifudifudi juu ya raba na kuisugua kwa ukucha. Penseli ilihamia kwenye raba ikiwa imegeuka, na ndivyo inavyotakiwa, maana mhuri unaigeuza tena. Anayeandika herufi moja kwa moja juu ya raba atapata jina linalosomeka kwenye kioo. Kisha unakata usichokitaka na kubakiza mistari. Jahazi la kwanza lilivunjika mlingoti kwa sababu nilikata wima, kisu kikaingia chini ya mstari. La pili nililaza kisu upande, ili kila mstari uwe mwembamba juu na mnene chini kama tuta la shamba. Hilo ninalo mpaka leo.

"Anayejua kusoma atafika."

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na wangevumilia kidogo wangefika. Kidokezo ni kitendawili, ila aliyetega hayupo na huna wa kumpa mji. Chukua mfano huu niliotunga mwenyewe: "Kuta mbili zinapokutana, geukia nyuzi 240, hatua 100, umsalimu mzee mwenye miguu miwili." Mzee ni rahisi, ni mti wenye mashina mawili. Kinachowapoteza watu ni vile vitu vitatu vinavyoonekana vyepesi.

Kwanza kuta. Mgeni akikutana na ukuta wa mawe katikati ya msitu hudhani ni mabaki ya ngome, au huupita tu. Ile ni mipaka ya mashamba. Katikati ya karne ya 19 sehemu kubwa ya kusini mwa New England ilikuwa imefyekwa kwa kilimo na malisho, na mawe yaliyong'olewa mashambani yalipangwa pembeni. Wakulima wakaondoka, wengine kufuata ardhi ya magharibi, wengine kufuata viwanda, na miti ikarudi. Kwa hiyo msitu unaotembea ndani yake ulikuwa shamba la mtu. Wenye kuficha visanduku wanazipenda kuta kwa sababu hazihami, nawe ukishajua ni mipaka utajua pia kwamba ukiufuata ukuta mmoja kwa subira utaikuta kona yake, na huenda ukauona msingi wa nyumba ya wenye shamba.

Pili dira, ambayo ndiyo inayokuonyesha hizo nyuzi 240. Sindano haielekei kaskazini halisi. Huku Connecticut inavutwa kama nyuzi 13 upande wa magharibi. Hatua 100 ni kama mita 75, na kosa hilo likibaki mpaka mwisho unajikuta mita 17 pembeni ya mzee wako, ukikagua mti mwingine kabisa. Angalia kama mwandishi amesema nyuzi zake ni za dira au za ramani. Wengi hutumia za dira, na hapo huna cha kurekebisha.

Tatu hatua zenyewe. Wapo wanaohesabu kila mguu, na wapo wanaohesabu mguu wa kulia peke yake. Hatua 100 za huyu ni 200 za yule. Kabla ya kulaumu kidokezo, rudi mwanzo uhesabu kwa namna ya pili.

"Kilichofichwa vizuri kimefukiwa."

Hakifukiwi. Hakuna kuchimba, na mawe ya ukuta wa kale hayang'olewi. Huko Dartmoor wachezaji wana kanuni inayokataza kabisa kuficha kisanduku ndani ya mabaki ya kale. Ukiona ardhi imechimbuliwa na kuvu wamebanduliwa kila upande, ujue amepita mtafutaji mwenye papara. Macho ndiyo yanayotafuta. Tazama vijiti vitatu vinne vilivyolala sambamba kwenye mdomo wa gogo: msitu haupangi vijiti hivyo. Chokoa kwanza kwa fimbo, ndipo mkono uingie, kwa sababu nyoka wenye sumu wapo.

"Mchezo wa watoto, una hatari gani?"

Una kupe. Ugonjwa wa Lyme umepewa jina la mji wa Lyme, hukuhuku Connecticut, ambako miaka ya 1970 watoto walianza kuvimba viungo na madaktari wakatafuta chanzo. Kupe mchanga ni mdogo kuliko mbegu ya ufuta. Chomeka suruali ndani ya soksi, na ukirudi jikague nyuma ya magoti, kwapani na kwenye nywele. Ukimkuta, mbane kwa kibano karibu na ngozi umvute moja kwa moja. Kwa kawaida kupe lazima awe amening'inia zaidi ya siku nzima ndipo akuambukize, kwa hiyo kujikagua jioni ileile kunafaa sana. Upo pia mtambaa wenye majani matatumatatu unaowasha vibaya. Aliyezoea upupu atadanganyika, kwa maana upupu unakuwasha papo hapo, lakini huu hungoja siku moja au mbili. Msimu wa uwindaji vaa rangi ya chungwa inayong'aa.

"Nisipokiona, kimeibiwa."

Huenda. Mara nyingi kipo. Kimoja nilikitafuta Oktoba mara mbili, majani yamefunika kila kitu, nikarudi mikono mitupu. Sikuacha kopo lingine mahali pake, kama wengine wanavyofanya wakidhani wanasaidia, kwa kuwa kisanduku kina mwenyewe. Nilimwandikia nikamweleza nilipofika. Akanijibu kwa sentensi moja: mwaloni niliokuwa nautafuta umeanguka. Aprili nilirudi nikitafuta gogo, wala si mti uliosimama. Kopo lilikuwa chini ya mizizi iliyong'oka, daftari limelowa pembeni, na mhuri wa mwisho ulikuwa na tarehe ya Januari, umegongwa na mtu aliyekuja kwenye theluji. Niligonga jahazi langu chini yake, nikapuliza wino ukauke, nikalifunga daftari kwenye mfuko mpya wa nailoni, nikalisukuma kopo ndani kabisa, nikaliegemeza jiwe lilivyokuwa.